Penseli Yenye Kamba

Mbuke amepiga simu kutoka Hull.
Huko saa tatu za usiku bado kweupe, anasema,
jua limekataa kulala kama mtoto aliyekunywa soda.
Hapa Igogo umeme umekatika,
Mama anachambua dagaa kwa tochi ya simu ileile
tunayoongelea.

"Kesho kutwa wanapiga kura. Na mimi nimo."

Wewe? Na pasi yako ya Tanzania?

"Mimi. Walitutawala, basi jina langu limo daftarini."

Mama akauweka ungo chini.
Marehemu babu alilima pamba kule Magu,
akalipa kodi ya kichwa mwaka baada ya mwaka,
na hakuna siku Mwingereza alimgeukia akamuuliza:
nawe, mzee, wasemaje?

Mbuke anatusomea karatasi zilizopenyezwa mlangoni kwake.
Chama chekundu kitapunguza foleni hospitali.
Cha buluu kitapunguza kodi.
Cha rangi ya ndizi mbivu kinaomba radhi
kwa jambo ambalo Mbuke hakuwepo lilipotendeka.
Cha kijani kimemleta mgombea mwenyewe, kwa baiskeli,
mwalimu wa hisabati, kalowa chapachapa,
hakuahidi kitu ila kurudisha mwavuli.
Na kipo kile kingine, kisichozunguka:
walio kama Mbuke wamezidi.

"Sasa nimpe nani?"

Nikaropoka: wape wekundu!
Najua nini mimi?
Nachuna ngozi ya sangara kiwandani, zamu ya usiku.
Minofu inapanda ndege, mapanki tunanunua sisi.
Ulaya yote naijua
kwa unene wa mnofu inaoukubali.

Mama ana miaka ishirini na sita Mwaloni.
Anaijua sado iliyogongwa nyundo kitakoni,
imejaa mpaka kilele
na bado umeibiwa.
"Hao wote," akasema, "wamekuonyesha mdomo wa sado.
Yupi amekuacha utie mkono
upapase chini?"

Kimya.
Nikadhani ni mtandao. Kumbe ni Mbuke.

Kuna bibi anayemtunza, Bi Maureen, miaka tisini na moja.
Anamwogesha, anamkata kucha za miguu,
anamtafutia redio stesheni ya mbio za farasi.
Bibi hupiga kura kwa barua.
Juzi mikono ilimtetemeka, akaomba afungiwe bahasha.
"Nimewapa wale," akamwambia.
"Lakini siyo wewe, mwanangu. Wewe ni wetu."

Mbuke akaifunga.
Akatembea nayo mfukoni mitaa miwili,
kura ya kumfukuza, nyepesi,
haizidi jani la mchicha.
Kwenye kona kuna pipa la takataka.
Mbele kidogo, sanduku la posta.

"Ukafanyaje?"

"Nimeitia sandukuni, Mama."

Mama hakusema umefanya vema.
Hakusema mjinga wewe.
Aliokota kijiwe katikati ya dagaa,
akakirusha gizani,
tukakisikia kikigonga bati la jirani.

Alhamisi usiku, simu tena.
Nimeshavaa gambuti, gari la zamu linapiga honi.

Umepiga?
"Nimepiga."
Umempa nani?
Akacheka. Hata mimi nduguye, akacheka tu.

"Nionyeshe kidole," Mama akaamuru.
Kikaja kidole kwenye kioo, kikubwa, kisafi,
na nyuma yake dirisha lenye jua la usiku.

"Mbona hakina wino?"

"Huku hakuna wino, Mama. Ni penseli.
Imefungwa kamba pale mezani."

Mama akaigeuza habari hiyo kama anavyogeuza samaki wa mkopo,
akaitazama shavuni, akaitazama tumboni.

"Penseli inafutika," akasema,
"na bado ndiyo waliyoifunga?"